Mfupa wa Buchani na Akina Mama wa Kibosho

Ukitangaza kanisani Kibosho kwamba Jumamosi kuna mafundisho ya mifupa, watakaokuja ni mabibi. Watawahi, na fimbo zao, na nusu yao wataanza kukuonyesha magoti kabla hujafungua mkoba. Mabinti zao hutawaona. Wameteremka Moshi mjini kwenye biashara, au wako nyumbani wanafua, na ukiwakuta njiani watakwambia kwa heshima zote kwamba hayo ni mambo ya wazee.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Tangu niache kazi ya wodini nimekuwa nikizunguka kwenye vikoba, jumuiya na vikundi vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nikizungumzia ugonjwa ambao hospitalini huitwa osteoporosisi: mifupa inapungua uzito, inabaki na matundu ndani, mwishowe inavunjika kwa kishindo ambacho kijana angejipangusa tu vumbi akaendelea na safari. Katika kuzunguka huko, jambo linalonisumbua kuliko yote ni hili la nani anakuja na nani hayupo. Mfupa wa mwanamke hujengwa kwa sehemu kubwa sana kabla hajafika miaka 20, na kazi ya kuujaza inaishia karibu na miaka 30. Wanaokuja kunisikiliza wana 65, 70 na zaidi. Wanaonikwepa ndio wenye saruji mkononi.

Lakini mabibi nao wana haki yao, na nao ndio walionifundisha namna ya kufundisha.

Kwanza kuna hilo la magoti. Goti linalouma, vidole vinavyokakamaa asubuhi, kiuno kinachokataa kunyooka baada ya palizi, mengi ya hayo ni mambo ya viungo na misuli. Mfupa unaopungua hauumi, hauvimbi, haumwamshi mtu usiku. Mwanamke anaweza kukaa nao miaka mingi akikata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani, hajui lolote. Siku moja nilipoeleza hivyo, bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama hauumi, unatusumbulia nini?" Wenzake wakacheka, na nusu saa nzima iliyofuata watu walikuwa wakiulizia dawa ya kuchua.

Ndiyo maana sasa siendi bila mfupa. Nina mwenye bucha wangu pale soko la Mbuyuni. Namwambia anikatie kichwa cha mfupa wa paja la ng'ombe, akipasue katikati kwa msumeno kwa urefu. Nyumbani nauchemsha, naukwangua mafuta kwa mswaki wa zamani, naanika juani mpaka unakuwa mweupe. Ukiushika, nje una ganda gumu linalong'aa kidogo, lakini kule ndani kwenye kichwa, mahali ambapo watu wengi hudhani ni mfupa mtupu, kuna wavu. Vijifupa vyembamba vimeshikana huku na huku, na katikati yake nafasi ndogondogo. Naupitisha mkono kwa mkono. Mama mmoja alichomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu moja, ikaingia kidogo ikakwama, akaichomoa akaitazama ncha yake.

"Huu ni mfupa mzuri," nawaambia. "Matundu yake ni madogo. Wa bibi mwenye miaka 75 aliyepungukiwa, njiti ingepita." Hapo ndipo naeleza kwamba mfupa ni kitu hai, kila siku mwili unakula wa zamani na kujenga mpya. Ujanani unajenga kuliko unavyokula. Baadaye mizani inakuwa sawa. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikizuia ulaji inashuka, na ulaji unakwenda mbio. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo baada ya hapo, mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa wake. Vile vijifupa vya ndani vinakonda, vingine vinakatika kabisa, na kwa nje paja ni lilelile.

"Boriti imeingia mchwa," akasema bibi mmoja. Nimeichukua kauli yake, naitumia kila ninapokwenda, na haijawahi kuhitaji maelezo.

Mfupa huo wa buchani una hatari yake moja: unaleta mjadala wa supu. Kila mahali kuna mama atakayesema, basi tunywe supu ya mifupa, tunywe kongoro, mfupa uende kwenye mfupa. Napenda supu kama mtu yeyote wa Moshi, na mtori wa nyama yenye mfupa sitaukataa mezani. Lakini kalsiamu ya kwenye mfupa haitoki kirahisi kwenye maji ya moto. Mchuzi unakuwa na utamu na mafuta, kalsiamu yake ni kidogo. Nikisema hivi nakuwa adui kwa dakika kadhaa. Nimejifunza kutowaachia pengo. Nikiondoa supu, papo hapo naweka dagaa.

Dagaa wakavu, wawe wa Mwanza au wa Kigoma, wanaliwa wazima na mifupa yao, na hapo ndipo kalsiamu ilipo. Wengi wetu tunawakata vichwa na kuvitupa kwa sababu ya uchungu. Kama uchungu unakushinda, sawa, lakini uti wa mgongo usiutoe. Kuna ulezi pia, na huu ni wetu kabisa: gramu 100 za ulezi zina kalsiamu karibu miligramu 340, kuliko nafaka nyingine zote tunazopika. Huku Uchagani ulezi umebaki kuwa wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Uji wa ulezi tunampa mtoto na mzazi, kisha mwanamke akimaliza uzazi anarudi kwenye chai ya rangi na mkate mweupe. Ulezi ukilowekwa au kuoteshwa kabla ya kusagwa mwili unaupokea vizuri zaidi. Kwenye mboga, mchicha una kalsiamu lakini kuna kitu ndani yake kinachoifunga isifyonzwe. Sukuma wiki na kabichi za majani hutoa vizuri zaidi.

Na maziwa. Hapa nakaa muda mrefu, kwa sababu sioni aibu kubwa kuliko hii katika nyumba zetu. Kwenye kihamba cha Mchaga, yaani shamba la nyumbani, kahawa ilikuwa ya baba na maziwa ni ya mama. Akina mama wa mlimani wamejenga vyama vya ushirika vya maziwa. Kule Nronga, Machame, wana chao tangu miaka ya 1980. Maziwa yamesomesha watoto hadi chuo kikuu. Lakini ingia jikoni saa moja asubuhi uone: ng'ombe amekamuliwa, ndoo imeshapelekwa kwenye mizani ya chama, na aliyekamua anakunywa chai ya rangi. Kikombe kimoja cha maziwa, kile cha robo lita, kina kalsiamu karibu miligramu 300. Mwanamke anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na akishapita miaka 50 ni 1,200. Sisemi usiuze. Nasema kikombe kimoja kisifike kwenye mizani. Anayesema maziwa yanamvuruga tumbo ajaribu mgando. Kwa wengi unakaa vizuri kuliko maziwa ya kawaida yaliyochemshwa.

Mama mmoja alinijibu kwamba kikombe kimoja kwa siku kwa mwezi ni pesa ya mchango wa kikoba. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tulikaa tukapiga hesabu nyingine, ya vidonge alivyonunua siku za nyuma kwa watu wa kichuma, akanyamaza.

Watu wa kichuma mnawajua. Anakuja kijana amevaa shati jeupe na tai, ana kompyuta mpakato, anakushikisha kijiti cha chuma kilichofungwa waya. Baada ya dakika moja kompyuta inatoa kurasa: figo, ini, macho, ubongo, na ukurasa wa kalsiamu. Sijaona mwanamke aliyeambiwa kalsiamu yake imetosha pale anapokuwa na pochi begani. Chupa ya vidonge iko hapohapo mezani. Niliwahi kumwomba mama wa kikundi chetu arudi mchana kwa kijana yuleyule akiwa amebadilisha nguo na kilemba. Asubuhi mifupa yake ilikuwa imekwisha, ini zima. Mchana mifupa ilikuwa safi, ini bovu.

Kushika chuma mkononi hakupimi mfupa. Kipimo chenyewe ni eksirei maalumu, unalala kitandani kwa dakika chache mashine inapita juu ya nyonga na uti wa mgongo, na jibu linakuja kwa namba inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka mwaka 1994: ukiwa na −2.5 au chini yake, hiyo ni osteoporosisi. Mashine hizo nchini ni chache na si kila mtu atafika kwenye moja. Kwa hiyo nawafundisha akina mama vipimo visivyohitaji umeme.

Kimoja ni gauni. Kuna bibi alilalamika kwamba fundi anamharibia vitenge, kila gauni linaburuza mbele na kupanda nyuma. Alikuwa amebadilisha mafundi watatu. Nikamwomba alete gauni la zamani alilovaa kwenye harusi ya mwanawe. Akalivaa, likaburuza vilevile. Fundi hakuwa na kosa. Pingili za mgongo zilikuwa zimebonyea moja moja bila kelele, mgongo umeinama, bibi amekuwa mfupi. Mtu aliyepungua sentimita 4 au zaidi kutoka urefu wake wa ujanani anapaswa kuonana na daktari, hata kama haumwi. Tangu hapo nawaambia watu wapige alama kwenye fremu ya mlango, ile wanayowapimia watoto, wajipime na wao.

Kingine ni mkono. Mwanamke wa miaka 55 aliyeteleza akajikinga kwa kiganja, kifundo kikavunjika, hufungwa plasta na kuambiwa pole. Wachache huambiwa kwamba mkono ule ni barua ya onyo. Nyonga hufuata miaka ikisonga, na nyonga si jambo la plasta. Hata katika nchi zenye upasuaji wa haraka, karibu mtu mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka. Huku kwetu, familia nyingine hukaa wiki nzima ikibishana kati ya hospitali na mganga wa kuunga mifupa, na bibi amelala anapata vidonda vya mgongo. Mguu uliofupika na kugeukia nje baada ya kuanguka hauhitaji kikao cha ukoo. Unahitaji gari.

Kuhusu kukoma hedhi, nimeona kwamba mafundisho hufa kabisa kama umemkalisha mama mkwe na mkamwana wake kwenye benchi moja. Hakuna atakayefungua mdomo. Mkwe hawezi kutaja joto la usiku mbele ya mke wa mwanawe, na mkamwana hawezi kutaja hedhi iliyokoma akiwa na miaka 41. Na huyo wa 41 ndiye ninayemtafuta, kwa sababu mwanamke anayekoma mapema, au aliyetolewa vifuko vya mayai ya uzazi kwa upasuaji, anaanza kupoteza mfupa miaka mingi kabla ya wenzake, na kwake kuna mazungumzo ya homoni ya kufanya na daktari. Siku hizi nagawa makundi. Wakwe wanabaki na mfupa wa buchani, wakamwana nawapeleka kuchambua mchele nyuma ya ukumbi. Mazungumzo ya mchele ndiyo mazuri.

Wasichana sasa. Hawa nawakuta saluni, kwa sababu pale mtu amekaa saa tatu anasukwa, haendi popote. Ukimwambia binti wa miaka 22 kuhusu nyonga ya uzeeni anatazama simu. Mlango wangu kwake ni vidonge vya kunenepesha. Vinauzwa kichinichini, vingine kwenye mfuko wa nailoni bila jina, ili mashavu yajae na hipsi zitokee. Ndani yake mara nyingi kuna deksamethasoni, wenyewe wanaiita deksa. Ni steroidi. Huko kujaa ni maji na mafuta, na dawa hizo zinakula mfupa, tena kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Hapo simu inawekwa chini. Pale pale nasisitiza kwamba aliyekunywa kwa wiki nyingi asiache ghafla, aende akamweleze daktari ukweli, maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Na mwenye pumu au baridi yabisi aliyeandikiwa prednisoloni, nayo ni steroidi, asiitupe kwa kusikia maneno yangu. Aulize tu, mifupa yangu inalindwaje?

Wanauliza sana kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ni kweli, ukiwa unaitumia uzito wa mfupa unashuka kiasi. Ukiacha, kwa wengi unarudi. Sijawahi kumwambia mtu aiache kwa hofu hiyo. Mimba asiyoitaka ina gharama zake. Wanauliza pia kama kunyonyesha watoto wengi kumewamaliza mama zao. Mama anayenyonyesha hupoteza mfupa kidogo kweli, lakini hurudi miezi michache baada ya kumwachisha mtoto. Kuzaa peke yake hakuna kosa hapo. Kuzaa huku unakula kiburu cha ndizi na maharage na chai ya rangi miaka 20, hilo ni jambo jingine.

Nilialikwa pia upande wa Meru, karibu na Maji ya Chai, nikafikiri nitakwenda na maneno yaleyale. Haikuwa hivyo. Kule swali la kwanza lilitoka kwa mama mwenye meno ya kahawia: "Maji yetu yametuharibia meno, mifupa je?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa. Miamba ya volkano ya Meru inatoa floraidi kwenye maji, na sehemu nyingi inapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachokubalika. Meno hubadilika rangi kwa aliyekunywa maji hayo akiwa mtoto. Floraidi nyingi kwa miaka mingi inaingia na kwenye mifupa. Kwenye eksirei mfupa unaonekana mnene, lakini unene huo si uimara, unavunjika upesi na viungo vinakakamaa. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki. Maji ya mvua ndiyo salama zaidi kwa kunywa na kupikia. Na hapa mfupa wangu wa buchani ulipata kazi mpya: kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitengeneza chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, na mkaa huo unanasa floraidi. Akina mama wa kule walikuwa wanazijua vizuri kuliko mimi. Nilichoongeza ni magadi tu. Magadi tunayotia kwenye kiburu na maharage ili yaive haraka nayo yana floraidi. Loweka maharage usiku, yataiva.

Jua tunalo, hatulitumii. Huku juu mwezi wa sita na wa saba wingu linakaa siku nzima, na bibi anakaa jikoni kwenye moshi na masweta mawili. Likitoka jua, atolewe nje, mikono na miguu iwe wazi. Vitamini D ya ngozini ndiyo inayosaidia kalsiamu ya dagaa isipite bure.

Na kwa mabibi wangu wa mstari wa mbele, ambao mfupa wao hauwezi kurudi kuwa wa msichana, kazi kubwa ni kuzuia kuanguka. Nikienda nyumbani kwa mtu sianzi na chakula. Naomba nionyeshwe njia ya chooni. Mteremko wa udongo mwekundu, mvua za masika, ndala iliyokatika kamba ikafungwa na waya, hakuna taa: hapo ndipo nyonga zinapovunjikia. Mjukuu akichimba ngazi nne kwenye mteremko na kusimika mti wa kushika, amefanya kazi kuliko duka la dawa. Tochi ikae chini ya mto, ndoo ya usiku si aibu. Na mazoezi: kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, kurudia mara kumi, kusimama kwa visigino vikiwa juu huku umeshika meza. Kwaya ya akina mama sasa wanafanya visigino wakati wa kupasha sauti, ingawa sauti ya pili wanadai inawapotezea noti.

Bibi wa gauni alifika kwa daktari, akaanzishiwa alendroneti, dawa ya mifupa inayopungua, kidonge kimoja kwa wiki. Dawa hiyo ina masharti: asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai, kisha usilale wala kujiinamia kwa nusu saa kwa sababu inaweza kuunguza koo. Nilikuwa najiandaa kumsihi kuhusu hiyo nusu saa. Akaniambia hana tatizo, atakunywa Jumatatu kabla ya kwenda kukamua, akimbie na ndoo hadi kwenye mizani. Nikamwambia kukamua ni kuinama, na ndoo nzito mgongo wake haiutaki tena. Akafikiri. "Basi akamue mkamwana," akasema, "mimi nitasimama mlangoni nihakikishe kikombe changu kimebaki."